Miezi Mitatu na Huduma ya Orodha ya Proksi: Uzoefu Wangu

Kazi yangu ni kutunza tovuti za kampuni za utalii hapa Nairobi, na wateja wangu hutaka kujua bei za safari za Maasai Mara zinamtokeaje mtu aliye Ujerumani au Marekani. Ndiyo maana nililipia huduma inayokusanya anwani za seva za proksi, yaani kompyuta zinazolifikisha ombi lako kwenye tovuti kwa niaba yako ili tovuti ione anwani yao badala ya yako, kuzipima, kisha kukutengenezea ukurasa wa orodha ambao wenzako ofisini wanaweza kuufungua. Jina lake sitalitaja. Malipo ni kwa kadi pekee, M-Pesa haimo.

Kuunda orodha hakukunisumbua hata kidogo. Kabla chai haijapoa nilikuwa na anwani 412, kila moja na poti yake, yaani namba ya mlango wa kuingilia kwenye seva: nyingi 8080, nyingine 3128 ambayo Squid, programu ya kuendeshea proksi, huitumia isipobadilishwa, na chache 1080 za SOCKS, aina nyingine ya proksi. Kesho yake nilizijaribu zote kwa skripti ndogo, zikajibu 37 tu, ilhali ukurasa ulikuwa bado umezipaka zote rangi ya kijani.

Proksi za bure hazidumu, na hilo si kosa la huduma. Nyingi ni mashine zilizoachwa wazi kwa uzembe wa mpangilio, na mwenyewe akigundua huzifunga, au anwani hubadilika tu. Orodha ya namna hiyo huchacha upesi kama maziwa yasiyochemshwa, kwa hiyo jambo la kwanza ninalotaka kuona ni saa ya kipimo cha mwisho. Safu hiyo ilikuwepo, lakini imefichwa ndani ya mipangilio, na nilipoifungua nikakuta kifurushi changu hupimwa mara moja kwa siku. Kupimwa kila baada ya dakika kumi kulikuwa kwa wanaolipa zaidi, habari ambayo sikuiona popote nilipokuwa nikijisajili.

Lililoniudhi zaidi ni lebo. Niliweka kwenye seva yangu ukurasa unaoonyesha vichwa vya kila ombi linaloufikia, yaani mistari ya maelezo inayosafiri pamoja na ombi, kisha nikaufungua kupitia proksi iliyoandikwa kwamba inaficha kila kitu. Mstari wa X-Forwarded-For ukanionyesha anwani yangu mwenyewe ya Ngara, nzima nzima. Nyingine iliupachika ukurasa wa mteja tangazo la kamari, kwa kuwa tovuti hiyo ilikuwa haijahamia HTTPS, njia inayosimba data ili aliye katikati asiweze kuibadilisha, na tangu siku hiyo sijaandika nenosiri lolote nikiwa nyuma ya proksi nisiyoijua mwenyewe.

Kasi nayo hupimwa kutoka kituo chao cha Ulaya. Ombi la kutoka Nairobi hushuka kwanza Mombasa, likapita chini ya bahari ndipo lifike huko, hivyo proksi iliyoandikiwa theluthi ya sekunde kwangu ilichukua sekunde nne.

Wahudumu wao, nikiri, walijibu barua zangu kwa adabu na siku hiyo hiyo, ingawa safu ile iliendelea kufichwa.

Muda wangu ulipokwisha sikuendelea. Sasa ninazipima anwani mwenyewe kila robo saa kutoka hapa hapa Nairobi, na inayoshindwa mara tatu mfululizo hufutwa bila kuulizwa mtu. Kwa kazi ya wateja nimekodi seva mbili zenye nenosiri. Orodha imebaki na anwani kumi na tisa, na jana zilijibu kumi na saba.