Uturuki au Uingereza kwa Kijana wa Lamu

Kijana wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, aliyepata nafasi mbili za chuo kikuu, moja Uturuki kwa ufadhili wa serikali ya huko na nyingine Uingereza, huanza kwa kupima lugha. Ufadhili wa Uturuki humtaka asome Kituruki mwaka mzima kabla ya masomo yenyewe, ilhali Kiingereza anacho tangu shule ya msingi.

Kipimo hicho kina kasoro. Katika semina za Uingereza mwanafunzi hutarajiwa kumpinga mhadhiri kwa hoja, na kijana aliyezoea tangu madrasani kuinamisha macho mbele ya mwalimu hunyamaza kwa adabu, kimya ambacho huko huonekana kuwa ni kutojiandaa. Insha yake nayo, hata sarufi ikiwa safi, humtia matatani akinukuu bila kutaja chanzo.

Uturuki heshima kwa mwalimu inakaribiana na ya kwao, adhana huisikia, na darasa la lugha humkutanisha na wageni wenzake wanaohangaika na viambishi vilevile (faida isiyo ndogo).

Kwa mwepesi wa kuhoji ningependekeza Uingereza. Kwa mpole, Uturuki, mradi mwaka ule wa kwanza asiugeuze likizo.