Ukienda kununua djembe, shika kamba kwanza

Mama alipopata meseji yangu kwamba nimenunua djembe ya laki tatu, alipiga simu papo hapo: "Laki tatu kwa jembe? Unalima wapi?" Nikacheka sana. Miezi miwili baadaye nikatamani lingekuwa jembe kweli, walau lingelima.

Djembe ni ngoma ya Afrika Magharibi yenye umbo la kikombe, inayopigwa kwa viganja. Yangu ilikuwa nzuri kwa macho. Twiga wawili wamechongwa ubavuni, ngozi ya mbuzi nyeupe pee, kamba nyekundu. Tukaitwa kupiga harusini. Wimbo wa kwanza ikalia vizuri. Kufika wa tatu ikawa inasema bu, bu, kama ndoo iliyojaa maji. Fundi niliyempelekea hakugusa ngozi wala mti. Alibana kamba mbili za wima kwa vidole, zikakutana kama kamba za kitanda cha bibi, akanirudishia ngoma yangu bila neno.

Kwa hiyo kipenyo, urefu na nakshi mtasoma kwingine. Mimi nina neno moja: kamba.

Ngozi ya djembe haipigiliwi misumari kama ngoma zetu nyingi. Inabanwa kwa pete za chuma, na pete zinavutwa na kamba zinazoshuka hadi kiunoni mwa ngoma. Ukitaka sauti ipande, unachukua mkia wa kamba hiyohiyo na kuusuka kwa mlalo, ukizipishanisha zile za wima mbilimbili. Kila pishano linavuta ngozi kidogo. Sasa kamba ikiwa ile nailoni ya kuanikia nguo, inarefuka. Unasuka safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, nafasi inaisha na sauti iko palepale. Inayofaa ni ya poliesta isiyovutika, yenye kiini ndani na ganda lililosukwa nje, unene wa milimita 4 au 5. Dukani bana kamba mbili za wima katikati. Zikikutana kirahisi, aga uondoke. Halafu hesabu safu zilizosukwa: ngoma "mpya" yenye safu tatu nne tayari imeshakula akiba yake yote.

Sasa, ununue ipi? Namba moja kwangu ni Remo, na sifichi mapenzi. (Hakuna aliyenilipa, ningelipwa ningekuwa nazo mbili.) Kampuni hii ya Marekani, iliyoanzishwa 1957, ilipata jina kwa ngozi za plastiki, na djembe zake za kukaza kwa funguo hazina kamba hata moja ya kunitia presha. Masika ya Dar hayazilegezi. Dakika tano na funguo, umemaliza. Wakongwe watasema haina roho, na ukiipiga chini ya mwembe bila maiki kweli utasikia uplastiki kwenye ile sauti kali ya ukingoni. Lakini wengi wetu tunapiga kanisani au kwenye bendi, mbele ya spika. Funguo tu usiipoteze.

Ya pili ni ya kuchongwa kutoka Guinea au Mali, kwao yenyewe, kwa Wamandinka. Hii ndiyo iliyozunguka dunia na Les Ballets Africains, kundi la ngoma na dansi lililoanzishwa na Fodéba Keïta wa Guinea, tangu miaka ya 1950, na ndiyo aliyoifundisha Mamady Keïta, mpiga djembe mashuhuri wa Guinea, huko Ulaya na Marekani hadi ikaingia kwenye jazi, pop na madarasa ya muziki. Sababu utaisikia mwenyewe: kiganja katikati kinakupa besi kama ya vumi, vidole ukingoni vinakupa ukali kama wa chapuo, ngoma moja. Mti wanaousifu ni lenke, ndugu wa mkongo wetu. Mwingine, gueni, ni ndugu wa mninga. Nimemwagiza fundi mmoja anichongee ya mkongo. Mwaka wa pili huu, bado anatafuta gogo. Kamba uibane hata kwa hii, kwani nyingi huwambwa upya njiani.

Ya tatu, Meinl ya Ujerumani, zile za kamba. Sina ugomvi nazo wala mapenzi.

Zile ndogo za watalii ni pambo. Mnunulie mtoto.

Bei sasa. Niliuliza kwa Kiswahili, nikajibiwa kwa dola. Mgeni aliyekuwa pembeni yangu alitajiwa bei ileile, yeye akaongezewa na mfuko wa kubebea, mimi nikaongezewa "karibu tena dada". Niliporudi kulalamika, muuzaji akasema ni hewa ya bahari, kisha akanionyesha nyingine ya laki nne. Wahenga walisema kila mwamba ngoma huvutia ngozi kwake; huyu wa kwangu hata kuvuta hakuvuta.

Mwishowe nilinunua kamba mpya kwenye duka la vifaa vya boti, maana djembe kubwa hula zaidi ya mita 20 na maduka ya ngoma hayakuwa nayo. Mzee wa pale hajawahi kupiga ngoma maishani. Alifunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, akanipa nyingine mkononi: "Vuta kwanza, mwanangu, ndiyo ulipe."