WordPress kwa tovuti ya biashara: chombo kizuri kwa aliyekuja na mpango

WordPress ilitolewa kwa mara ya kwanza mwezi Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ikiwa ni programu ya kuandikia blogu tu, na kwa hesabu za W3Techs, wanaopima matumizi ya teknolojia za tovuti, leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Umaarufu huo huwafanya wenye biashara wengi waichague kabla hawajajua wanataka tovuti ya nini, na matatizo mengi ninayoitwa kuyatatua huanzia hapo. Tathmini hii inahusu ile programu huria ya kujisakinishia inayopatikana WordPress.org, wala si huduma ya WordPress.com inayoendeshwa na kampuni ya Automattic, ingawa majina yao yanawachanganya hata watu wa fani.

Wepesi wa kuisakinisha unastahili sifa. Kampuni nyingi za kukodisha seva zimeweka kitufe cha kazi hiyo, na baada ya kuombwa jina la tovuti, jina la mtumiaji, nenosiri na anwani ya barua pepe, tovuti imekwisha kusimama. Haikuulizi unauza nini wala unamuuzia nani. Huduma za kulipia kama Wix huanza kwa kukudadisi kuhusu aina ya biashara yako na kukupangia kurasa, ilhali WordPress inakukabidhi kurasa chache za mfano na kukuachia uwanja. Ukimya huo ndio uzuri wake kwa anayejua anachokitaka, na ndio unaomponza asiyejua.

Kwa hiyo swali inabidi ujiulize mwenyewe, tena kabla hujalipia jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako: mgeni akishasoma, unataka afanye nini? Fundi anayetaka kupigiwa simu anahitaji kurasa tatu au nne, namba yake ikionekana juu kabisa kwenye skrini ya simu na ikibonyezeka, na hana haja ya kikapu cha manunuzi. Anayetaka kuuza moja kwa moja mtandaoni atalazimika kuamua masuala ya malipo, usafirishaji, kodi na marejesho ya bidhaa, na mambo hayo hakuna programu itakayomwamulia. Nimeona tovuti zilizobeba duka zima, jukwaa la mijadala na kalenda ya matukio, wakati mwenye nazo alichokuwa akihitaji ni fomu ya kuombea makadirio ya bei.

Mpango huo unagusa hata jambo linaloonekana dogo, yaani tofauti kati ya ukurasa na chapisho. Ukurasa ni wa mambo yasiyobadilika kila mara, kama huduma, bei na mawasiliano; chapisho lina tarehe, na kila jipya likiingia la zamani linashuka chini. Anayeandika huduma zake kama machapisho hushangaa baadaye kuona huduma inayomwingizia pesa nyingi imezama chini ya tangazo la likizo. Hilo hurekebishika, lakini anwani za kurasa zikibadilika, viungo vilivyokwisha kusambaa huvunjika usipoviwekea njia ya kuelekezwa upya. Ni afadhali menyu na anwani zote zichorwe kwenye karatasi mwanzoni.

Mhariri wa bloku, yaani sehemu ya kupangia ukurasa kipande kwa kipande, aliyeingizwa katika toleo la 5.0, Desemba 2018, alipokelewa kwa manung'uniko mengi, na wakati ule yalikuwa ya haki. Siku hizi amekomaa, na kwa tovuti ya kawaida ya biashara sioni sababu ya kuongeza juu yake programu nyingine nzito ya kupangia kurasa, ambayo huongeza msimbo wa kupakuliwa na kukufunga kwake, maana ukiiondoa mpangilio wote huparaganyika. Kuhusu mandhari, yaani violezo vya sura ya tovuti, nitasema moja tu: zile za maonyesho hupendeza kwa sababu picha zake zilipigwa na mpiga picha hodari na maneno yake yamekatwa yakatoshea. Ijaribu mandhari kwa picha na maneno yako mwenyewe ndipo uipitishe.

Sasa nije kwenye kisanduku ambacho ningependa kila mwenye biashara akijue kilipo. Katika mipangilio ya usomaji kuna mahali pa kutia alama ili kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Wajenzi hutia alama hiyo wakati wa kazi, na wanafanya vizuri, kwani hakuna anayetaka Google ionyeshe kurasa zilizojaa maneno ya kujazia. Niliwahi kuitwa kuikagua tovuti ya muuza vifaa ambayo tangu izinduliwe haikuwa imepata mgeni hata mmoja kutoka kwenye utafutaji, huku mwenyewe akiendelea kulipia matangazo. Nilipofungua msimbo wa ukurasa wa mwanzo, neno "noindex" lilikuwa pale juu, likifuata agizo la alama ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Kuiondoa ni kubofya mara moja na kuhifadhi, ila kuorodheshwa huchukua muda wake, na miezi iliyopotea hairudi. Dashibodi, yaani ukurasa wa usimamizi wa tovuti, huonyesha onyo kuhusu jambo hili, lakini kwa maandishi madogo yasiyolingana na uzito wa hasara yenyewe, na hapo naikosoa programu bila kusita.

Dosari nyingine ni fomu ya mawasiliano. Kwa programu inayojengewa tovuti nyingi hivyo za biashara, ni ajabu kwamba haiji na fomu yake. Lazima uongeze programu-jalizi, yaani programu ndogo ya nyongeza. Hata ukishaiongeza, kwa kawaida barua hutumwa na seva ya tovuti yenyewe bila uthibitisho wa kutosha kuhusu mtumaji, na tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo walipokaza masharti ya SPF na DKIM, yaani njia za kuthibitisha mtumaji wa barua, barua za namna hiyo huishia kwenye barua taka au zisifike kabisa. Mteja anaona ujumbe wa shukrani kwenye skrini na kudhani umempuuza. Iunganishe tovuti na huduma ya SMTP, yaani seva maalumu ya kutumia barua pepe, kisha ujitumie fomu mwenyewe kwa anwani za watoa huduma tofauti, na urudie kila baada ya sasisho kubwa.

Programu-jalizi zipo makumi ya maelfu, nyingi zikiwa za bure, na humo mmechanganyika dhahabu na makapi. Kwa sehemu kubwa mianya ya usalama inayoripotiwa hutoka humo, si kwenye kiini cha WordPress, ambacho tangu mwaka 2013 hujisasisha chenyewe panapotolewa marekebisho ya usalama. Kabla ya kusakinisha yoyote, angalia ilisasishwa lini mara ya mwisho na imejaribiwa na toleo gani. WooCommerce, programu-jalizi ya duka ambayo Automattic iliinunua mwaka 2015, ni imara kwa kuuzia, ila usidanganyike na neno bure, kwani viongezo vyake vingi hulipiwa kila mwaka. Nakala rudufu nazo hazitengenezwi na WordPress. Zipangie ratiba, na zihifadhiwe nje ya seva inayobeba tovuti.

Kwa upande wa kasi, programu imejitahidi. Tangu toleo la 5.3 picha kubwa kupita kiasi hupunguzwa hadi pikseli 2560, na tangu 5.5 picha za chini ya ukurasa husubiri hadi msomaji azikaribie. Hata hivyo, Google inapendekeza kitu kikubwa kuliko vyote kinachoonekana kwenye ukurasa kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5, na ukianza na picha tano zinazozunguka kileleni mwa ukurasa wa mwanzo, lengo hilo litakupiga chenga.

Biashara yenye mtu wa kuisimamia tovuti, walau saa chache kila mwezi, ningeipendekezea WordPress. Isiyo na mtu huyo itafaidika zaidi na huduma ya kulipia inayojitunza yenyewe, hata kama uhuru utapungua. Anayechagua WordPress ahakikishe jina la kikoa, akaunti ya seva na akaunti ya msimamizi mkuu vimesajiliwa kwa jina la biashara, si la mjenzi. Na siku ya kuhama, ajue kwamba faili la kuhamishia linalotolewa na dashibodi hubeba maandishi pamoja na anwani za picha, wala si picha zenyewe, ambazo tovuti mpya itazivuta kutoka ile ya zamani. Seva ya zamani isifungwe mpaka kila picha iwe imefika.