Matembezi ya Arusha ya zamani, Boma hadi Kaloleni: yanalipa, ila mpime mwongozaji kwanza

Njia inayouzwa na waongozaji wengi wa mjini ni hii: Boma la Wajerumani (ngome ya zamani, leo makumbusho ya elimu viumbe), Boma Road, Mnara wa Saa, Sokoine Road, kisha Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Haifiki kilomita nne. Ukiingia makumbusho yote mawili, tenga saa tatu. Kwa mpenzi wa majengo ni nusu siku nzuri. Anayetafuta wanyama aende mbugani.

Anzeni Boma, saa tatu asubuhi. Mlima Meru huonekana vizuri asubuhi. Kufika adhuhuri mara nyingi umeshajifunika mawingu. Boma lilikamilika mwaka 1900, baada ya vita vilivyofuata kuuawa kwa wamisionari Ovir na Segebrock mwaka 1896, na waliolazimishwa kulijenga ni Waarusha na Wameru wenyewe waliotoka kupigwa. Mwulize mwongozaji hapo getini nani alijenga kuta hizi. Akirukia habari za binadamu wa kale, Olduvai na nyayo za Laetoli, tafuta mwingine, kwa sababu huko mbele ataruka mengi zaidi.

Viingilio vya Mtanzania na mgeni ni tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho. Taasisi za serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number). Uwe na salio kwenye simu, si noti tu.

Boma Road ni fupi. Hoteli ya New Safari, iliyokuwa maskani ya wawindaji, leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, na baa yao imebaki kwenye masimulizi. Ukishuka barabara, penye Mnara wa Saa, ndipo ilipo iliyokuwa New Arusha Hotel, sasa Four Points by Sheraton. Utaambiwa mnara uko katikati ya Cairo na Cape Town. Chukua ramani: nukta ya kati inaangukia Kongo. Picha piga tu.

Utamu uko Sokoine Road, na hapa ndipo waongozaji wengi hukimbia. Inua macho juu ya mabango. Maduka ya zamani ya Wahindi yana ukuta mfupi unaoficha bati, na baadhi yana mwaka wa ujenzi uliochorwa kwa saruji. Chini ya ukuta huo tazama madoa meusi: mfereji wa maji ya mvua umefichwa nyuma yake, majani yakiuziba maji hurudi ukutani. Kisha mwenye jengo hupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huuzuia, na baada ya masika kadhaa plasta hubanduka vipande vipana kama ganda la muhogo. Ukigonga na kusikia mlio wa uwazi, hapo imeshaachia. Rangi mpya inayong'aa isikudanganye.

Mwongozaji akikuonyesha picha ya zamani, soma maandishi yake. Barabara inaitwa kwa heshima ya waziri mkuu Edward Sokoine, aliyefariki tarehe 12 Aprili 1984. Picha ya miaka ya sitini yenye jina la Sokoine Road imeandikwa baadaye, na mwaka wake pia huenda ni wa kubahatisha.

Kaloleni makumbusho ni madogo, picha ni nyingi kuliko vitu, nusu saa inatosha. Hapa ndipo Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilipokaa tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Vijana wa kukuuzia safari watakufuata ukiwa na kamera shingoni. Salimia, endelea kutembea.

Upungufu mkubwa wa njia hii ni kuiacha AICC, kituo cha kimataifa cha mikutano. Iko jirani kabisa na Boma, majengo yake ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliyovunjika 1977, na mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa humo. Wengi huipita bila neno. Omba iongezwe, hata kwa kuitazama kutoka barabarani, na omba ruhusa ya walinzi kabla ya kupiga picha.

Kuhusu bei: kubalianeni mapema kama viingilio vimo, maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Masika, Machi hadi Mei, vaa viatu vya kufunga. Pembezoni mwa barabara ni tope.