Uzoefu wangu: kambi ya kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa siki

Nimepimwa mwenyewe kwenye kambi hizi, na kwa kuwa ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dar es Salaam, nimewasindikiza kina mama wengi. Kipimo nakisifu bila wasiwasi. Kambi ndizo zinazotofautiana, hasa katika yanayofuata baada ya kipimo.

Unalala kitandani, magoti juu, kanga kiunoni. Muuguzi anaingiza spekulamu (kifaa cha kupanua uke), anafuta ute kwa pamba, kisha anapaka siki ya asilimia 3 hadi 5 kwenye mlango wa kizazi. Inawasha kidogo tu. Hapo asubiri dakika moja kamili ndipo atazame kwa taa kali: sehemu iliyoanza kubadilika hugeuka nyeupe na kingo zake huonekana wazi. Dakika hiyo ndiyo ninayoichunga. Foleni ikirefuka watu hukimbiza kazi, baka linakosa muda wa kujitokeza, na mama anarudishwa nyumbani akiambiwa yuko salama. Siki iliyozidishwa maji huleta kosa lilelile, na tochi ya simu pia. Muuguzi aliyenipima mimi alivua saa mkononi akaiweka juu ya trei ya vifaa, akaitazama mpaka dakika ikatimia. Nyota tano kwake.

Nenda ukiwa nje ya hedhi, na siku mbili kabla acha tendo la ndoa na dawa za kuweka ukeni. Walengwa wakuu ni wenye miaka 30 hadi 50. Wanaoishi na VVU huanza mapema na kurudia mara kwa mara zaidi. Aliyekoma hedhi aulizie kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, kwa sababu eneo linalotazamwa huwa limerudi ndani na siki haisaidii kuliona.

Kabla ya kupanga foleni, uliza: mashine ya kutibu mabaka ipo leo? Tiba mgando, ya kugandisha baka kwa gesi baridi, hugandisha dakika 3, hupumzika 5, hugandisha tena 3. Ile ya joto huchukua chini ya dakika moja kwa mguso. Kambi moja mtungi wa gesi uliisha saa sita mchana, wenye mabaka wakaambiwa warudi siku nyingine. Wengine hawakurudi. Hilo ni kosa la maandalizi, maana mtungi wa akiba ungeweza kuletwa tangu asubuhi. Baka lililozidi robo tatu ya mlango wa kizazi, au lililoingia ndani ya njia yake, halitibiwi kambini. Hilo ni la rufaa.

Aliyetibiwa hutokwa na majimaji kwa wiki 4 hadi 6, avae pedi, na asikutane na mumewe kwa wiki 4. Asipoelezwa haya waziwazi ataona ameharibiwa. Homa, uchafu wenye harufu kali au damu ya mabonge ni vya kurudi haraka. Vinginevyo ni baada ya mwaka mmoja.

Elimu ilikuwa nzuri. Mtoa mada alieleza kwamba HPV inaweza kukaa mwilini miaka mingi, hivyo majibu ya leo si ushahidi wa kumshtaki mume wala mke. Na chanjo ya dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 aliisemea vizuri.

Upande wa rufaa ndio wenye mapengo. Anayepelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, au hospitali ya Bugando kwa walio Kanda ya Ziwa, anahitaji barua, majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yakiwa tayari, na mahali pa kulala: mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, kwa kawaida wiki 5 hivi. Nauli peke yake haimfikishi popote. Kambi niliyoiridhia zaidi ilikuwa na daftari la rufaa lenye simu ya mgonjwa, simu ya ndugu yake, na tarehe ya kupigiwa. Tarehe ilipofika, walipiga.