Kwa Nini Rogue One Ilipeta na Solo Ikadoda

Haya wadau, karibuni. Leo mezani ni Rogue One, ile filamu ya Star Wars, vita vya anga za juu, ya Desemba 2016, na nitaivuta na Solo ya 2018 maana hizi mbili zilizaliwa kwa mpango mmoja: kutengeneza filamu za pembeni, nje ya mfululizo mkuu, tuone kama mashabiki watazipokea. Nitataja mpaka nani anakufa, kwa hiyo kama hujaitazama, simamisha video hapa.

Wameondoka? Sawa. Wanakufa wote.

Stelingi wetu Jyn Erso, jasusi Cassian Andor, yule kipofu anayeigizwa na Donnie Yen, mpaka roboti K-2SO. Sisi tumekua na sheria ya kwamba stelingi hafi. Risasi zinamkwepa, adui anapiga domo badala ya kufyatua, mwisho stelingi anashinda. Kwa kina Luke na Leia, mastelingi wa mfululizo mkuu, sheria hiyo ilikuwa inasomeka usoni kabisa, maana unajua kesho wanahitajika kwenye filamu nyingine. Mwongozaji Gareth Edwards alipewa watu ambao hakuna shabiki aliyekuwa anawadai. Ndiyo maana vita vya mwisho, kwenye sayari ya Scarif, vinakukaba koo. Na wale wa pwani mkiona ile minazi msishangae, ni Bahari ya Hindi hii hii, walipiga picha Maldivi.

Hadithi yenyewe imetoka kwenye yale maandishi yanayopanda mwanzoni mwa Star Wars ya kwanza kabisa, ya 1977, yanayosema majasusi wa waasi wameiba ramani za Death Star, lile dude la kulipua sayari. Mtaalamu wa picha za kompyuta, John Knoll, ndiye aliyeuliza: ni akina nani hao walioiba? Swali zuri sana hilo, kwa sababu jibu lake linaziba tundu la zamani. Watu walikuwa wanacheka kwamba silaha kubwa vile inalipuka kwa kombora moja kwenye kitundu. Rogue One inakwambia mhandisi Galen Erso, baba yake Jyn, alilazimishwa kuijenga, akaificha kasoro humo kwa makusudi. Ukiirudia ile ya 1977 unaitazama kwa jicho jingine.

Sasa kasoro zake. Nusu ya kwanza inarukaruka, sayari hii, sayari ile, mpaka wanakuandikia majina kwenye skrini usipotee. Forest Whitaker, yule aliyepata Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, hapa kapewa dakika chache na sauti ya kukoroma, basi. Halafu kuna Tarkin, yule kamanda wa maadui aliyeigizwa na Peter Cushing kwenye filamu ya 1977. Cushing alifariki 1994, wakaibandika sura yake kwa kompyuta juu ya mwigizaji Guy Henry. Kila akifungua mdomo mimi natoka kwenye hadithi naanza kukagua midomo.

Ile korido mwishoni, Darth Vader, adui mkuu mwenye barakoa nyeusi, akiwafyeka waasi? Najua mnaipenda. Nami naipenda, ila mwangalieni yule askari anayepenyeza ramani kwenye mlango uliokwama huku upanga mwekundu unakuja nyuma yake. Huyo hata jina hatumjui, na tukio zima ni lake.

Tuje kwa Solo. Wengi wanasema ilidoda kwa sababu waongozaji Phil Lord na Chris Miller walitimuliwa katikati ya kazi, akaletwa Ron Howard. Sikubali. Rogue One nayo ilirudiwa vipande vingi, Tony Gilroy akaitwa kuinyoosha, na bado ilipita dola bilioni 1. Solo haikufika hata milioni 400, na ilikuwa imekula zaidi ya 250 kuitengeneza. Kutoka miezi mitano tu baada ya The Last Jedi, filamu nyingine ya Star Wars, kuliiumiza, sawa. Lakini tatizo kubwa ni maswali yake. Han, stelingi wake na mwenzao Luke na Leia, alilipataje jina la Solo? Ofisa wa jeshi kampachika kwa kuwa yuko peke yake. Nani aliomba kujua hilo? Na muda wote anakimbizwa wewe umetulia tu, unajua ataishi mpaka uzeeni.

Halafu angalia kilichofuata. Cassian, ambaye 2016 hakuwa na jina lolote, akapata tamthilia yake, Andor, ya maisha yake kabla ya Rogue One, misimu miwili, 2022 na 2025, chini ya Gilroy huyohuyo. Kwangu hiyo ni kazi bora kuliko filamu iliyoizaa, tena sana.

Alama: Rogue One 8 kati ya 10, Solo 5, na mbili kati ya hizo tano ni za Donald Glover, anayemwigiza Lando, na koti lake. Ukiwa na wikiendi tupu, maliza Andor kwanza, weka Rogue One, kisha ile ya 1977 usiku huohuo, maana moja inaishia mlangoni mwa nyingine. Solo iache kwa siku umeme umerudi na huna la kufanya.