Trello kwa timu ndogo ya programu: inatosha, ila si dawa ya mazoea mabaya

Timu ya watu watano, wanne wako Mjini Unguja na mmoja Chake Chake, Pemba, inayotengeneza mfumo wa buking kwa hoteli za Paje, haihitaji chombo kizito. Trello, programu ya kupanga kazi ambamo kila kazi ni kadi inayohamishwa kutoka safu hadi safu kwenye ubao, inawatosha hata ile ya bure: watu 10 na mbao 10 katika eneo moja la kazi, kadi bila kikomo. Programu yake ya simu hufanya kazi hata bila intaneti na kupeleka mabadiliko mtandao ukirudi. Kwetu huku umeme unakokatika, hilo peke yake ni sababu ya kuichagua.

Kinachoua ubao ni WhatsApp. Meneja wa hoteli anatuma ujumbe wa sauti usiku, anataka malipo ya awali yashuke kutoka asilimia 50 hadi 30. Mtengeneza programu anajibu "sawa" na kubadilisha. Anayejaribu mfumo bado ana kadi inayosema 50, anaandika kuwa ni kosa, na mwenzao wa Pemba anarudisha ilivyokuwa. Hapo hakuna aliyezembea. Agizo likija kutoka kokote, aliyelipokea aliandike kwenye maoni ya kadi husika kabla hajagusa mfumo. Maoni ya Trello hubeba jina na saa, kwa hiyo ubishi wa nani alisema nini unakwisha. Na bosi awemo katika kanuni hiyo. Akipitisha maagizo pembeni, wiki mbili hazipiti ubao umeshasuswa.

Kadi nayo iandikwe imfahamishe hata asiyekuwepo kikaoni. "Rekebisha malipo" haimsaidii mtu. Andika: "Mgeni akirudi nyuma kabla ya kulipa, chumba kinabaki kimeshikwa." Chini yake weka aina ya simu, hatua za kulitoa kosa tena, picha ya skrini, kisha orodha ya kutiki: chumba kinaachiwa baada ya dakika 15, mgeni anapata ujumbe, imejaribiwa kwenye Android na iPhone. Mwenye kadi awe mmoja. Trello inakubali kuweka hata watano, na hapo kila mmoja hudhani mwenzake anaishughulikia.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haizuii kazi kurundikana. Kiongezo cha List Limits hubadilisha rangi ya safu ikizidi idadi mliyoweka, basi. Kadi zinaendelea kuingia. Kwa watu watano, tatu kwenye "Inafanywa" na mbili kwenye "Inakaguliwa" zinatosha. Ukaguzi ukijaa, aliyemaliza yake akague ya mwenzake badala ya kufungua mpya, kwani kadi ikilala wiki nzima, kosa hugunduliwa aliyeifanya ameshasahau alichoandika. Kikao cha asubuhi cha dakika 15 kianzie safu ya kulia, kwa kazi zilizokaribia kwisha. Toleo jipya lisipandishwe Ijumaa karibu na swala: likiharibika, wageni wanabuki na hakuna aliye mbele ya kompyuta.

Mpango wa Standard ni dola 5 kwa mtu kwa mwezi, ukilipia mwaka mzima. Unaongeza ukubwa wa faili kutoka MB 10 hadi 250. Timu inayoweka michoro yake Figma, programu ya mtandaoni ya kuchora sura za mfumo, haina haja nao. Kadi zilizokwisha zipelekwe kumbukumbu, zisifutwe. Ya kumbukumbu hurudishwa. Iliyofutwa hairudi, pamoja na maelezo ya kwa nini asilimia 50 ikawa 30.